Nani Anawajibika kwa Mkazi wa Makao Makuu? Barua ya Wazi kutoka Iringa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uratibu wa shughuli za Serikali. Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Dodoma. Na kwa Waheshimiwa Wabunge wa mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, mnaokaa Dodoma kwa niaba yetu.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa heshima nikiwa Iringa mjini, nilikostaafu baada ya kuwa mtendaji wa kata kwa miaka kumi na tisa. Kazi ile ilinifundisha kwamba mwananchi mwenye shida haulizi ofisi fulani iliundwa na sheria namba ngapi. Anauliza agonge mlango upi, na kama aliyekaa ndani ana uwezo wa kulimaliza jambo lake au atamwelekeza kwingine. Kwa mkazi wa Dodoma, mji ambao ni makao makuu yetu sote, swali hilo limekuwa gumu kuliko linavyostahili kuwa, nami naomba mlipatie jibu la kisheria, lililoandikwa na kusomeka, ambalo halitabadilika kila wanapobadilika viongozi.

Huenda mtajiuliza mtu wa Iringa ana nini na utawala wa Dodoma. Kabla ya barabara ya Mtera kuwekwa lami, wengi wetu tulizunguka hadi Morogoro ndipo tupate gari la kwenda Dodoma, na safari ilimaliza siku nzima. Leo basi linaloondoka hapa alfajiri linapita Migori, linavuka Mtera, linapita Fufu, na kabla ya saa sita mchana abiria wameshashuka. Malori yanayofuata njia hiyo hiyo yanapeleka mbao za Mafinga, viazi vya Njombe na Uyole, nyanya za Ilula na mchele wa Mbarali. Zaidi ya mizigo, yanayopita hapo ni mabasi yaliyojaa vijana wetu. Dodoma inayojengwa leo inajengwa kwa sehemu kubwa kwa mikono na mazao ya huku, na sisi tunaobaki nyuma tuna watoto na wajukuu wanaoishi chini ya utawala wa mji ule.

Mwezi Julai uliopita nilikwenda kumtembelea binti yangu, mtumishi wa umma aliyehamia Dodoma wizara yake ilipohama kutoka Dar es Salaam. Amejenga pembezoni mwa jiji, katika mtaa ambao miaka michache iliyopita ulikuwa mashamba ya uwele na mizabibu. Siku ya pili, kwa mazoea ya kazi yangu, nilikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye bati jipya, meza, benchi la wageni na kabati la mbao ambalo mlango wake umefungwa kwa waya. Juu ya meza kulikuwa na daftari la wakazi, kaunta buku nene iliyobanwa kwa mpira ili kurasa zisidondoke, na chini ya meza yalikuwapo mengine manne yaliyokwisha kujaa. Alipojua kazi niliyoifanya, aliniruhusu kulifungua.

Nilisoma safu ya mahali mkazi anakotoka, mstari kwa mstari: Dar es Salaam, Iringa, Singida, Mbeya, Dar es Salaam, Kondoa, Njombe, Iringa, Tukuyu. Katika ukurasa mmoja wenye mistari thelathini na miwili nilihesabu kaya kumi na moja za kutoka mikoa yetu. Safu ya mwisho, inayojazwa mtu anapohama, ilikuwa tupu karibu kurasa zote. Mwenyekiti aliniambia kwamba madaftari yale huyanunua kwa fedha yake, na kwamba tangu aanze kazi hajawahi kuombwa idadi iliyomo humo na mtu yeyote anayepanga bajeti. Wanaokuja kuyatazama ni wanaotafuta barua ya utambulisho, au askari wanaomtafuta mtu. Waheshimiwa, nilitoka pale nimeshika kichwa, kwa sababu daftari lile ndilo kumbukumbu sahihi zaidi ya watu wa makao makuu katika eneo lile, na hakuna aliyekuwa analisoma.

Hesabu rasmi zenyewe zinatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Katika Sensa ya mwaka 2012 Manispaa ya Dodoma ilikuwa na watu 410,956 na Jiji la Mbeya watu 385,279, yaani miji miwili inayokaribiana. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Mbeya na watu 541,603, ambalo ni ongezeko kubwa kwa kipimo chochote, lakini iliikuta Dodoma na watu 765,179. Wale walioongezeka Dodoma katika miaka kumi, zaidi ya laki tatu na nusu, wanawazidi kwa mbali watu wote wa Manispaa ya Iringa, ambao sensa hiyo hiyo iliwahesabu kuwa 202,490. Ni kana kwamba mji wetu wote huu, kuanzia Kihesa hadi Ipogolo, umebebwa na kuwekwa Dodoma, kisha ukaongezwa mwingine mdogo kando yake, na wote wakaambiwa watafute maji, shule, zahanati na barabara katika halmashauri ile ile. Sensa ijayo ni mwaka 2032. Ikiwa mipango yote itasubiri namba hiyo, mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa iliyopita atakuwa amefika madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Sasa nieleze kwa nini naliona tatizo hili kuwa la utawala, wala si la uhaba wa fedha peke yake. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wote tuliifahamu kwa jina la CDA. Mamlaka ile ilikabidhiwa ardhi na mipango ya mji, na mwaka 1976 ukapatikana mpango kabambe wa kwanza, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Kanada. Sipuuzi yaliyofanyika: anayepita katikati ya Dodoma anaziona barabara pana na maeneo yaliyopangwa, vitu ambavyo miji yetu mingine, Mbeya na Iringa ikiwamo, inavitamani hadi leo. Lakini mtu mmoja huyo huyo alikuwa na wakubwa wawili. Ardhi aliyokaa ilikuwa chini ya mamlaka ambayo hakuichagua, na taka, shule na soko vilikuwa chini ya madiwani aliowachagua lakini wasio na kauli juu ya ardhi. Mgongano huo wa majukumu ndio uliotajwa Rais Magufuli alipoivunja CDA mwezi Mei mwaka 2017 na kuyahamishia majukumu yake kwenye Manispaa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa Jiji. Mwezi Septemba mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi. Mwezi Oktoba 2019 Rais mwenyewe akahamia Chamwino. Wizara zimejengewa Mji wa Serikali pale Mtumba. Reli ya kisasa imefika. Kilichokuwa kimesubiri zaidi ya miaka arobaini kilitekelezwa katika muda usiozidi muhula mmoja wa udiwani, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi kwa dhati, kwa kuwa nilikuwa kijana mdogo tulipoanza kuimbishwa shuleni kwamba Serikali itahamia katikati ya nchi.

Hata hivyo swali la makao makuu yako wapi ni tofauti na swali la makao makuu yanatawaliwaje. La kwanza limekwisha jibiwa. La pili limeachwa kwenye mikono ya mfumo ule ule unaotumika Songea au Sumbawanga: baraza la madiwani wanaochaguliwa, meya anayechaguliwa na madiwani hao, mkurugenzi anayeteuliwa na Rais, na juu yao mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, nao wa kuteuliwa. Mfumo huo naujua na nimeutumikia, na kwa mji wa kawaida unafanya kazi. Dodoma si mji wa kawaida. Katika eneo lake wapo mawaziri, makatibu wakuu, wakuu wa taasisi na Bunge zima, kila mmoja akiwa na kiwanja, jengo, geti na barabara anayoitaka, na kila mmoja ni mkubwa kwa cheo kuliko diwani wa kata anamokaa. Nawaomba mfikirie diwani aliyechaguliwa na wakulima wa mizabibu, akiwa katika kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, anapotakiwa kueleza kwa nini mtaro wa taasisi fulani unamwaga maji kwenye nyumba za wapiga kura wake. Atamwandikia nani, na barua yake itafika meza ipi?

Lipo pia suala la mpaka, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Bunge liko ndani ya Jiji la Dodoma, na Mtumba iko ndani ya Jiji. Ikulu iko Chamwino, wilaya yenye halmashauri yake, madiwani wake na mkurugenzi wake. Nyumba zinaendelea kujengwa kuifuata barabara ya kwenda huko bila kujali kibao cha mpaka, na sitashangaa nikiambiwa wapo wanaolala upande mmoja na kupeleka watoto shule upande mwingine. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ililigawa jimbo la Dodoma Mjini na kuanzisha jimbo la Mtumba, katika zoezi lile lile lililotuletea jimbo la Uyole kule Mbeya, na hilo lilikuwa kukubali rasmi kwamba watu wamekuwa wengi mno kwa mbunge mmoja. Kama mipaka ya ubunge imefuata watu, naomba mipaka ya mipango na huduma nayo iwafuate.

Jirani wa binti yangu ni mzee wa Kigogo aliyepita miaka themanini. Alinipokea kwa heshima zote, akaniita mwanangu ingawa nami nina wajukuu, kisha akanitembeza katika kipande cha shamba alichobaki nacho. Katikati ya mabua ya uwele zimesimama bikoni tatu za zege. Ziliwekwa na wapimaji wa nyakati tatu tofauti, na kila kundi lilimwambia kwamba lenyewe ndilo lenye mamlaka na kwamba karatasi za wale waliotangulia hazina kazi tena. Ya kwanza imeshaota ukungu na namba yake haisomeki. Ya tatu bado nyeupe. Anazo karatasi za bikoni zote tatu, amezihifadhi kwenye mfuko wa sukari wa nailoni uliokunjwa mara nne, na alizitandika juu ya mkeka nizisome, maana macho yake hayaoni vizuri. Nilizisoma zote. Vipimo vyake havilingani, na fidia imetajwa katika karatasi moja tu. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sijawahi kuhama hapa. Wanaohama ni wao, na kila wakija wapya naambiwa nimevamia."

Sikuwa na la kumjibu, na ndiyo sababu siwezi kuunga mkono wale wanaosema kwamba dawa ya Dodoma ni kurudisha mamlaka moja yenye nguvu isiyochaguliwa na mtu. Hoja hiyo naisikia, hata kwa watu wenye nia njema, wakitoa mfano wa Abuja. Nigeria ilitenga eneo la makao makuu yake mwaka 1976 na kuhamia rasmi tarehe 12 Desemba 1991, na eneo lile halina gavana wa kuchaguliwa kama majimbo mengine. Linaongozwa na waziri anayeteuliwa na Rais, huku halmashauri sita zinazochaguliwa zikibaki chini yake na madaraka madogo. Mji umejengeka, hakuna ubishi. Lakini wenyeji wa eneo lile, Wagbagyi miongoni mwao, wameendelea kulalamika kwa miongo kadhaa kuhusu ardhi na fidia, na mkazi wa Abuja hana gavana wa kumwondoa kwa kura kama alivyo nao Mnigeria wa jimbo jirani.

Brasília inanipa matumaini zaidi. Mji ule ulizinduliwa tarehe 21 Aprili 1960 katikati ya nyika, kama sisi tulivyokusudia, na kwa miaka mingi mkuu wake aliteuliwa tu. Tangu mwaka 1990 wakazi wanamchagua gavana wao na baraza lao la wawakilishi 24. Jambo ambalo napenda Waheshimiwa mlitazame kwa makini ni kwamba serikali kuu ya Brazili ina mfuko maalumu, uliowekwa kisheria mwaka 2002, wa kugharamia ulinzi wa eneo lile na kusaidia afya na elimu yake, kwa kutambua kwamba mji unaobeba taifa hauwezi kuachiwa mzigo huo peke yake. Australia nayo iliipa Canberra na eneo lake serikali ya kujitawala, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1989, lakini ikabakiza chombo cha taifa kinachosimamia mipango ya maeneo yale yenye umuhimu kwa nchi nzima. Kila mmoja anajua lililo lake. Sisemi tunakili, sisi hatuna shirikisho, na Katiba yetu katika ibara ya 146 imekwisha kusema kwamba serikali za mitaa zipo kwa madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Ninachosema ni kwamba ibara hiyo inamhusu pia mwananchi ambaye jirani yake ni wizara.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza na kubwa ni sheria ya uendeshaji wa makao makuu, itakayoliacha Baraza la Madiwani wa Jiji na madaraka yake kamili, na pembeni yake kuunda baraza la pamoja lenye wajumbe kutoka Jiji, Chamwino na Serikali Kuu, ambalo ndilo litakaloamua mambo yanayovuka mpaka na yanayohusu majengo na ardhi ya taifa. Maamuzi yake yaandikwe, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, na yawe na siku ya kutekelezwa. Mkuu wa taasisi anayetaka barabara, geti au mtaro apite hapo kama mtu mwingine yeyote. Sheria hiyo hiyo iseme karatasi za wapimaji wa zamani zinathibitishwa wapi na nani, ili wazee kama yule wa uwele wapate jibu moja wakiwa hai.

Naomba isiwe tamko. Tumeona mwezi Februari mwaka 2021 Jiji la Dar es Salaam likivunjwa na Ilala kupandishwa kuwa Jiji, na siku iliyofuata watumishi na wananchi wakawa wanaulizana nani sasa anasimamia nini. Uamuzi ule huenda ulikuwa na sababu nzuri; lakini makao makuu ya nchi yasiwekwe katika hali hiyo.

Ombi la pili linahusu fedha, na nitalisema kwa kifupi kwa kuwa ninyi mnalijua kuliko mimi: ruzuku ya makao makuu iwekwe kisheria, na ikokotolewe kwa idadi ya watu wanaohakikiwa kila mwaka kupitia madaftari ya mitaa, badala ya kungoja sensa. Mwenyekiti wa mtaa apewe daftari hilo na Serikali, na mtendaji wa kata alifunge kila mwisho wa robo mwaka. Kazi hiyo inawezekana. Tulikuwa tunaifanya kwa kalamu na rula.

Naliacha la mwisho kwa wabunge wetu wa kusini, kwa kuwa linatugusa moja kwa moja. Dodoma ni nchi kavu, na maji yake mengi yanatoka kwenye visima vya Mzakwe. Watu wanapoongezeka kwa kasi hii, macho yanageukia Mtera, na ni haki yageuke, maana hatuwezi kuwanyima maji watoto wetu wenyewe. Lakini bwawa la Mtera linajazwa na Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu unatoka huku kwetu, katika vijito vya milima ya Mbeya na Njombe vinavyokusanyika Usangu. Na mto huo, tangu miaka ya tisini, umekuwa ukikauka kila kiangazi unapopita katika Hifadhi ya Ruaha. Mkulima wa mpunga wa Mbarali amekwisha kuambiwa mara nyingi apunguze maji kwa ajili ya umeme na hifadhi. Atakapoambiwa apunguze kwa ajili ya makao makuu, awepo katika chumba kinachoamua. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake hapa Iringa; nashauri iwe na kiti katika baraza la pamoja nililolieleza, na wabunge wa Mbarali, Kilolo, Isimani na Makambako mlidai kiti hicho kabla bomba la kwanza halijachimbiwa mtaro.

Nitarudi Dodoma mwezi wa kumi na mbili, mvua zikianza, kumsaidia binti yangu kumalizia uzio. Nimemwahidi mwenyekiti wa mtaa ule kaunta buku mbili, na nimemwahidi mzee kwamba nitazipiga chapa karatasi zake kwa herufi kubwa ili mtu yeyote atakayekuja aweze kumsomea. Jibu lenu, Waheshimiwa, likipatikana kabla ya hapo, nitalipeleka mwenyewe na kulisoma kwa sauti kwenye lile benchi la wageni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtendaji wa kata mstaafu,
Iringa